Waliofungiwa Mlango kwa Makusudi Wafunguliwe kwa Makusudi

Hotuba hii niliitoa Tabora mjini mbele ya wazazi, walimu, wanavikundi na vijana waliomaliza vyuo. Waliokosa kufika wameiomba, nami nimeiandika kama nilivyoisema. Maswali yaliyofuata sikuyaweka, maana wenyewe hawajaniruhusu.

Mwangaluka, baba na mayo! Mwangaluka tena, upande wa vijana sijasikia vizuri.

Asanteni. Wazee wangu, walimu wenzangu, akina mama wa vikundi mliofunga biashara mapema ili mje hapa, vijana wangu: nimeombwa niseme juu ya jambo linalotugombanisha kuanzia vijiweni mpaka kwenye vikao vya ukoo. Asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Viti maalum. Nafasi za kazi zinazotengwa kwa wenye ulemavu. Msichana anayeingia chuo kwa mlango ambao kaka yake hakufunguliwa. Kwa jina moja tuuite upendeleo wa makusudi. Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza, "Mwalimu, hivi haki inawezaje kumpa mmoja ikamruka mwingine?" Swali hilo ni la haki kabisa, na nitalijibu bila kulikwepa.

Naanza hapa hapa Tabora. Nani anajua shule ya wavulana ya Tabora ilifunguliwa mwaka gani? Vizuri, 1925. Na ilifunguliwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya wana wa machifu. Serikali ya Waingereza ilitaka watawala wa kesho, ikasema wazi kwamba nafasi za kwanza ni za watoto wa watawala wa leo. Mwalimu Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937, naye alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Tunajivunia shule ile, na mimi najivunia. Lakini nawauliza: mtoto wa mpagazi alikuwa wapi? Mtoto wa mfinyanzi wa kule Sikonge alikuwa wapi? Waliomaliza pale wakawa makarani, walimu, mawaziri, majaji. Watoto wao wakakuta vitabu nyumbani. Wajukuu wao wakakuta gari nyumbani. Hakuna aliyeziita nafasi zile viti maalum, lakini zilikuwa viti maalum.

Twende mbali kidogo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kabla ya reli. Wajerumani wakaleta reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli ingeweza kutuletea mengi. Kwa miaka mingi ikawa njia ya kutolea watu. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na upande huu wa magharibi, hasa Buha kwa ndugu zetu wa Kigoma, ukaachwa uwe ghala la vibarua. Wanaume wakapakiwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, manamba hao, wakirudi baada ya miaka na wengine wasirudi. Wakati huo huo Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na kahawa na misheni, na fedha ya kahawa ilijenga shule. Siwaonei wivu watu wa kule, walifanya kazi. Lakini ramani ya nani atapata zao la biashara na nani atatoa nguvukazi ilichorwa ofisini. Nasema tena: ilichorwa ofisini. Mvua na udongo peke yake havikutuletea pengo hili.

Ndiyo maana katika miaka ya 1970 serikali ilianza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa. Kama zingeshindaniwa nchi nzima kwa alama tupu, mikoa michache ingezijaza karibu zote. Wako wazee humu ndani waliosoma sekondari kwa sababu ya mgawo ule. Siwataji, mnajijua. Hakuna hata mmoja wenu niliyewahi kumsikia akisema elimu yake ni ya kupewa.

Sasa nakuja kwenye hadithi ninayotaka vijana waishike, kwa sababu ilitokea mji huu huu. Januari 1958, TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Jambo lililokuwa mezani ni kura tatu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga uchaguzi ambamo kila jimbo linatoa wabunge watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, na kila mpiga kura sharti awapigie wote watatu, la sivyo kura yake inaharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane. Wazungu walikuwa kama elfu ishirini. Viti sawa! Na ili uandikishwe kupiga kura ilibidi uwe na kipato cha kiwango fulani, au elimu, au cheo. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wamekasirika, wakitaka TANU isusie. Nyerere akasimama akawashawishi waingie katika uchaguzi ule mbaya ili wauvunje wakiwa ndani. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama chake. TANU ikaingia, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Hata uchaguzi wa 1960 ulibakiza viti 10 vya Wazungu na 11 vya Waasia kati ya 71, na mwaka uliofuata tukapata Uhuru.

Kwa nini nawarudisha huko? Kwa sababu wapo wanaosema kutenga nafasi ni kutenga nafasi, kote ni kubagua. Hapana. Kura tatu zilitenga nafasi ili walio juu wasishuke. Mgawo wa mikoa ulitenga nafasi ili walio chini wapande. Ukiletewa mpango wowote wa aina hii, uliza maswali mawili: unamlinda nani, na ana nini tayari? Nyerere mwenyewe aliyajua maswali haya. Januari 1964 alitangaza kwamba katika ajira serikalini raia wote watatendewa sawa bila kuangalia rangi, jambo lililowaudhi wengi waliotaka Waafrika wapewe kwanza. Serikali yake hiyo hiyo, miaka kumi hivi baadaye, ikagawa nafasi za shule kwa mikoa. Wengine wanaona hapo kuna kujipinga. Mimi naona kiongozi aliyekataa kumgawa raia kwa damu yake, lakini akakubali kuangalia mtoto anaanzia wapi.

Na Katiba yetu imefuata njia hiyo. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, kisha ibara hiyo hiyo inasema neno kubagua lisitafsiriwe kwa namna ya kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Ibara ya 66 inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia thelathini ya wabunge. Kwa hiyo anayesema mambo haya yanavunja Katiba aisome kwanza. Ninayo nakala hapa, ipitisheni.

Tuje kwenye neno linalouma: uwezo. "Apewe mwenye uwezo." Nani anabisha? Mimi nimekaa darasani miaka mingi, napenda alama kuliko mtu yeyote humu. Lakini alama zinapima nini? Chukueni wapagazi wawili wametoka Unyanyembe siku moja kwenda pwani. Mmoja ana frasila mbili za pembe begani. Mwingine anatembea mikono mitupu. Yule mtupu anafika Bagamoyo siku mbili kabla. Je, mmeshapima nguvu zao? Mmepima mzigo!

Nilimfundisha binti mmoja katika wilaya ya tumbaku ya mkoa huu. Mnajua msimu wa kuchoma tumbaku ulivyo. Moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, haulali, na mtu wa kuukesha ni mtoto. Binti yule alikuja darasani macho mekundu kwa moshi, akisinzia kipindi cha kwanza, akiamka cha pili, na kipindi cha tatu anauliza swali la kemia ambalo mimi mwenyewe lilinipeleka kwenye kitabu. Jioni, kaka zake wanarudia masomo, yeye yuko kisimani, kisha jikoni. Mwaka ule ule mahari yake ilikuwa imeshazungumzwa. Msidhani nazungumzia jambo la nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hapa Tabora, katika wanawake wa miaka 20 hadi 24, asilimia 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Asilimia hamsini na nane! Mkoa mmoja tu, Shinyanga, ndio uliotuzidi.

Alimaliza kidato cha sita akiwa na alama pungufu kidogo za kuingia sayansi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa na mafunzo ya awali kwa wasichana wa namna hiyo. Waliokaribia kiwango wanaitwa, wanafundishwa wiki kadhaa, wanapewa mtihani, anayefaulu anaingia. Aliingia kwa mlango huo. Baada ya hapo hakuna aliyempa alama ya bure, mitihani ilikuwa ile ile ya wote. Leo anafanya kazi maabara, na wapo humu ambao damu zao zimepita mikononi mwake bila kujua. Mnamwonaje? Alipendelewa? Mimi nasema mzigo ulihesabiwa, basi.

Na historia inayo mfano mkubwa zaidi. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Sheria moja kwa wote, wavulana kwa wasichana. Matokeo? Wasichana wakapungua chuoni, maana msichana akikaa nyumbani miaka miwili anaolewa. Mwaka 1976 serikali ikawaruhusu wasichana kwenda moja kwa moja. Mnaona? Kanuni ilikuwa sawa kwa wote, ila maisha hayakuwa sawa kwa wote.

Kijana mwingine ataniambia, mwalimu, hata Marekani wamefuta. Ni kweli, Juni 2023 Mahakama ya Juu ya kule ilizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji katika kuchagua wanafunzi, katika kesi za Harvard na North Carolina. Lakini kabla ya hapo jimbo la California lilishafuta kwa kura ya wananchi mwaka 1996, kwa hiyo tunayaona matunda. Mwaka 2006 chuo kikubwa cha UCLA, kilicho ndani ya jiji la Los Angeles lenye watu weusi kwa malaki, kilihesabu wanafunzi weusi 96 tu kati ya wapya zaidi ya 4,800. Hayo ndiyo matokeo ya kufuta kabla pengo halijazibwa.

Sasa, inafanya kazi? Nawapa India, maana walilipima jambo hili kwa uangalifu kuliko wengi. Mwaka 1992 walibadili katiba yao ili theluthi moja ya viti katika mabaraza ya vijiji, pamoja na uenyekiti, itengwe kwa wanawake, na vijiji vya kuongozwa na mwanamke vikapangwa kwa zamu bila kuchagua. Watafiti wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, wakaenda kulinganisha. Huko West Bengal, vijiji vilivyoongozwa na wanawake vilijenga zaidi vyanzo vya maji ya kunywa, kwa sababu maji ndiyo yaliyokuwa kilio cha wanawake. Akina mayo, mnasikia? Mwanamke alipokalia kiti, kisima kilichimbwa. Utafiti wa baadaye ulionyesha jambo lililonigusa zaidi: katika vijiji vilivyokuwa na mwanamke mwenyekiti kwa vipindi viwili, pengo kati ya ndoto za wazazi kwa wana wao na ndoto zao kwa binti zao lilipungua kwa kama robo. Binti alimwona mwenyekiti akipita na daftari la kijiji, akajua inawezekana.

Kwetu je? Mnakumbuka miaka ile ya kutisha, ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa kanda hii, watoto wakikimbiziwa Kabanga kule Kasulu ili wabaki hai. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Kiti cha kuteuliwa, watu wakasema ni cha huruma. Miaka miwili baadaye, 2010, wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Bar'wani, mtu mwenye ualbino, kwa kura zao wenyewe, kutoka chama cha upinzani. Sisemi moja lilizaa la pili moja kwa moja. Nasema nchi iliyokuwa haijawahi kumwona mtu mwenye ualbino akisimama Bungeni ilimwona kwanza kwa uteuzi, kisha ikamwona kwa kura. Naye Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum. Mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi, akashinda. Na mnajua tangu wakati wa ukoloni, magharibi hii ilikuwa na Mwami Theresa Ntare akitawala Heru, Buha. Uwezo wa mwanamke haukuanza na viti maalum. Kilichokosekana ni mlango.

Ndugu zangu, siwezi kutetea jambo hili huku nikinyamazia wanaoliharibu. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa mwaka 2018 ili kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ilisimamishwa. Kwa nini? Vikundi hewa. Marejesho hayarudi. Mkopo wa wanawake unasainiwa na mama, fedha anatumia shemeji. Ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Anayeunda kikundi hewa anamwibia mama muuza mihogo wa Kachoma, na anampa hoja yule anayetaka kufuta kila kitu. Mkimjua, msimfichie kwa undugu.

Viti maalum navyo. Mwanamke akikalia kiti maalum vipindi vitatu, vinne, dada yake atapata lini? Na kiti chenyewe kina upungufu: Waziri Mkuu hawezi kutoka viti maalum, sharti awe mbunge wa jimbo, na mfuko wa jimbo haumfikii. Mimi nataka kiti maalum kiwe darasa la kwenda jimboni, chenye ukomo wa vipindi, na vyama vieleze wazi vinampataje anayeingia. India waliona hatari nyingine: ndani ya tabaka lililonyanyaswa, watoto wa waliokwisha kupanda ndio wanaochukua nafasi zote. Mwaka 1992 mahakama yao kuu ikaagiza familia zilizokwisha kuendelea katika matabaka ya nyuma zitolewe kwenye mgawo wa ajira. Nasi tuwe na ujasiri huo. Binti wa mkurugenzi aliyesoma shule ya kulipia hana haja ya nafasi ya binti wa mkesha bani.

Kuhusu wenye ulemavu nitasema kwa ufupi kwa sababu sheria iko wazi kuliko zote. Tangu 2010, mwajiri mwenye watu ishirini au zaidi anatakiwa walau asilimia tatu wawe watu wenye ulemavu. Waajiri wa Tabora mpo humu. Hesabuni wafanyakazi wenu usiku huu.

Kijana wangu wa mlangoni, nakurudia. Umesema haki haiwezi kumruka mtu. Umerukwa, nakubali, safari hii nafasi moja imekwenda kwa mwingine, na inauma. Lakini wewe ni kijana, na asilimia nne ile ni yako pia. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalum, na vijana mmo. Umewahi kuomba? Wangapi hapa waliomaliza chuo wameshaandikisha kikundi? Nyoosheni mikono. Mnaona ni michache.

Basi tufanye kazi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yuko pale kulia, amekubali kubaki mpaka mtu wa mwisho aelezwe namna ya kusajili kikundi. Walimu wa sekondari, nataka tukutane na wazazi kabla msimu wa tumbaku haujaanza, tukubaliane nani atakesha bani ili watahiniwa walale. Na kikao kijacho cha baraza la madiwani ni cha wazi, wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Twende wengi, tuone taarifa ya asilimia kumi ikisomwa: zimetolewa kiasi gani, kwa vikundi vipi, zimerudi kiasi gani.

Sasa ni maswali. Mayo wa kitenge cha kijani, ulinyoosha mkono tangu mapema. Anza wewe.